Mistari Minne ya Jalada la Nyuma

Mimi nimefunga vitabu vingi vya watu kuliko mtu yeyote katika mji huu wa Bukavu, na anayebisha aje Kadutu aulize. Nusu ya wanasheria, waganga wa hospitali na walimu unaowaona hapa mjini na tai shingoni, mémoire zao, yaani ile kazi ambayo mwanafunzi anaiandika mwisho wa masomo ili apewe diploma, zilipita chini ya kidole gumba hiki. Nilizipiga kwenye kompyuta, nikazitoa kwenye imprimante, ile mashine ya kuchapia, nikazipaka gundi, nikazivisha kartoni nyeusi, na majina yao nikayachapa kwa rangi ya dhahabu. Wao walivaa toga, joho la kuhitimu, wakapigwa picha. Mimi nilibaki na gundi chini ya kucha.

Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa mtu akinisifu simkatazi.

Miaka yote hiyo nikifunga, nilikuwa nasoma. Hakuna profesa aliyesoma mémoire nyingi kuliko mimi, maana profesa anasoma za idara yake tu, tena anaruka kurasa. Anayepiga herufi haruki. Ndiyo maana nilijua mambo. Nilijua kwamba mwanafunzi akijaza shukrani kurasa tatu, amshukuru Mungu, shangazi, jirani na timu yake ya mpira, kazi yenyewe itakuwa nyembamba kama uji wa mgonjwa. Nilijua sura ya kwanza inanakiliwa kwa aliyetangulia, naye aliinakili kwa aliyemtangulia, inarithiwa kama shamba la ukoo na hakuna anayekumbuka nani alilifyeka. Wanafunzi wakaanza kuniuliza niwapangie sura, niwapunguzie maneno, niwaambie swali lao liko wapi. Wakaniita Docteur. Lilianza kama mzaha, likakaa kama jina. Sikulitafuta. Lakini pia sikulifukuza, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Mwaka jana niliamua kuandika kitabu changu mwenyewe, juu ya namna ya kutengeneza kitabu, tangu wazo hadi gundi. Nilikiandika kwenye madaftari, saa zile umeme umekatika na mashine zimelala. Tena kwa Kiswahili. Watu walicheka. Mwalimu mmoja, mteja wangu, aliniambia, "Docteur, mambo ya vitabu iko ya Kifaransa, Kiswahili ni ya sokoni." Nikamjibu, "Na weye, shida ya mémoire yako uliniletea na luga gani?" Akatoa flash yake mfukoni.

Sasa, kwetu kitabu si kitabu mpaka kibatizwe. Unatafuta sala, yaani ukumbi, unapanga viti, unanunua fanta, unaita watu. Unachagua parrain, mtu mzito, anakitoa kitabu ndani ya kitambaa cheupe, anakiinua juu kama mtoto, watu wanapiga makofi, ananunua nakala ya kwanza, wengine wanafuata. Lakini kabla watu hawajapiga makofi, wanakigeuza. Wanatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni dibaji, ile tunayoita préface, iliyotiwa sahihi na msomi. Cha pili ni mistari minne kwenye jalada la nyuma inayosema mwandishi ni nani: kazaliwa wapi, licencié, yaani mwenye digrii, wa nini, anafundisha wapi. Mistari hiyo nimewapigia watu wengi hata vidole vyangu vinaijua bila mimi.

Yangu ilinishinda. Mimi niliacha shule darasa la tano la primaire. Papa alikosa kazi, nyumbani Cimpunda tulikuwa wengi, na mimi ndiye niliyekuwa na mabega. Hiyo ndiyo diploma yangu. Mji wote ulidhani nina nyingine, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza, na mimi sikuwahi kujibu.

Ubatizo niliuweka Jumamosi, katika sala ya parokia karibu na kwetu. Parrain alikubali, mfanyabiashara mkubwa wa Kadutu, mtu wa vitambaa na mabati. Alisema ni heshima kwake kusimama na msomi. Barua za mwaliko zilikwisha kutoka. Jumatatu ya wiki hiyo kurasa zote zilikuwa zimechapwa, zimepangwa mafungu mafungu mezani, na jalada la mbele zuri kabisa. Jalada la nyuma lilikuwa jeupe kama unga wa muhogo.

Jumatatu hiyo hiyo alikuja mwanafunzi mmoja, binti mwenye ulimi mwepesi, na mémoire juu ya wakulima wa mpunga wa Luvungi. Niliipiga jicho kurasa mbili tu.

"Hii si weye umeandika," nikamwambia.

"Ni mimi, Docteur."

"Ni simu. Ona hapa: wakulima wa Luvungi wanavuna kisha wanapakia mpunga kwenye treni. Treni gani, mama? Weye umeionaka wapi?"

Akaziba mdomo kwa mkono, akacheka mpaka machozi. "Yee! Simu imeniuza."

Siku hizi ndivyo ilivyo. Zamani walinakili kwa kaka zao. Sasa wanauliza simu, nayo inawajibu kwa sauti ya mtu asiyewahi kukanyaga matope. Mémoire nyingine zinakuja na barua za majarida ya ng'ambo yanayomwita mwanafunzi "mtafiti mtukufu" na kumwahidi kuchapa kazi yake wiki ijayo bila hata mtu kusoma alichoandika. Mimi nawaambia wote: anayekusifu kabla hajakusoma anataka kitu.

Yule binti nilimpa shauri langu kubwa, lile lililo katika sura ya tatu ya kitabu changu. "Nenda Luvungi. Siku ya kwanza usibebe daftari. Beba jembe, ulime nao mpaka jioni. Siku ya pili ndiyo ubebe daftari. Swali ambalo halijakuchubua mikono, jibu lake litakuwa la simu."

Alitikisa kichwa. "Docteur, hii neno iko na nguvu. Ni yako?"

"Ya nani tena?" nikasema.

Akaniangalia kidogo. "Na weye, ulisomeaka wapi?"

Kabla sijajibu, Mungu si Athumani, dereva mmoja wa gari za Katana aliingia na bahasha. Ilikuwa dibaji. Binti akaniambia nifungue, nikamwambia aende zake Luvungi.

Hapa lazima nieleze juu ya profesa aliyeiandika. Ni mzee, amestaafu, anaishi kwake Katana karibu na ziwa. Zamani alifundisha mbinu za kufanya utafiti vijijini, na hakuna mwanafunzi wa enzi zile asiyemjua. Miezi kadhaa nyuma nilimpelekea kurasa zangu kumwomba dibaji. Alinikazia macho, akasema, "Sura yako si mgeni. Ulikuwaka kwenye auditoire yangu." Auditoire ni ile sala kubwa ya mafunzo. Nikajibu, "Ndiyo, Prof." Na ilikuwa kweli. Nilikuwa pale. Nilikuwa mlangoni, na kartoni miguuni.

Basi Jumatatu hiyo nikafungua bahasha. Kurasa mbili, zimepigwa kwa mashine ya zamani, sahihi chini kwa wino wa bluu. Alinisifu mpaka nikaona haya, mimi ambaye haya hainijui sana. Alisema kitabu kina akili ya mtu aliyefanya kazi. Alisema ile sura ya tatu, ya jembe na daftari, inatosha peke yake. Halafu, katikati ya ukurasa wa pili: "Mwandishi nilimpokea kama mwanafunzi wangu, na nafurahi kuona mhitimu wa chuo chetu akirudisha alichopewa."

Mhitimu.

Nilikaa juu ya fungu la kartoni. Kile kitu nilichokuwa nakitaka kilikuwa mkononi mwangu, kimetiwa sahihi, na sikuwa nimekiandika mimi. Uongo wenyewe ulikuja na gari, ukalipiwa nauli. Ningeubandika tu ndani ya kitabu, na jalada la nyuma lingejijaza lenyewe: mhitimu wa chuo, mwanafunzi wa profesa fulani. Nani angepinga? Lakini katika sala wangekuwapo watu waliokaa kweli kwenye mabenchi yale. Mmoja tu akisema, "Mbona mimi simkumbuki?" kingekufa kitabu, na mimi, na jina la mzee ambaye aliweka sahihi yake chini ya maneno hayo. Na kulikuwa na jambo jingine chini ya hilo, ambalo hata kwa mke wangu nilikuwa sijalisema.

Mke wangu anauza maharagwe sokoni na hana subira na watu wanaougua bila homa. Jumanne aliniona nimeacha ugali.

"Papa, kitabu imekulia tumbo?"

Nikamsomea ile sentensi. Akaniomba niisome tena.

"Mhitimu," akasema. "Weye? Weye uliyeacha masomo na kaptula yenye kiraka? Kiraka yenyewe ni mama yako alinionyeshaka."

"Sikumwambia nimehitimu."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nilikuwa pale."

"Hata mbuzi ya sentineli wa geti ilikuwa pale." Akachukua sahani. "Ulikuwa unafanya nini pale?"

Ndipo nikamwambia. Katika vyuo vyetu profesa anaandika somo lake, analichapa kama kijitabu, tunaita silabusi, na mwanafunzi anainunua kwake. Mimi, kijana wa mtaani ambaye alikuwa na rafiki mwenye mashine ya fotokopi, nilipata silabusi moja ya profesa huyu, nikaitoa nakala, na nyingine, na nyingine, nikasimama mlangoni pa auditoire nikiuza kwa bei ya chini kuliko yake. Karakana yangu yote, mashine ya kukatia, imprimante, bango la nje lenye rangi mbili, ilizaliwa na kartoni ile. Watu wanajua nilianza na mikono mitupu. Mikono haikuwa mitupu. Ilikuwa na kazi ya mtu.

Mke wangu hakucheka tena. "Na ukamuomba huyo huyo préface?"

"Ndiye mkubwa wa wote."

"Enda Katana," akasema.

"Akiikataza? Imebaki siku nne."

"Basi Jumamosi utabatiza kitabu yenye haina préface. Ni mutoto bila kofia. Hatakufa."

Rahisi kusema. Jumatano nzima sikwenda. Nilijifanya nina kazi. Nilikata karatasi zilizokuwa zimekwisha kukatwa. Kila mteja aliyeingia nilidhani ametoka chuoni kuja kuniuliza mwaka wangu wa kumaliza. Parrain alipiga simu kuuliza atamke vipi cheo changu kwenye mikro, aseme Docteur au Professeur? Nikamwambia nitamjulisha. Nikarudi kwenye karatasi zangu.

Alhamisi asubuhi nilipanda gari la Katana na bahasha ndani ya shati. Kufika Kavumu nilitaka kushuka nirudi. Abiria wa pembeni akanishika goti, akasema, "Papa, unatetemeka, iko malaria?" Nikasema ndiyo.

Nilimkuta mzee barazani, blanketi magotini, miwani imefungwa kwa uzi.

"Ah, mwandishi! Umeniletea kitabu?"

"Hapana, Prof. Nimekuletea préface yako."

"Iko na kosa?"

"Iko na moja. Lakini si lako."

Akanyoosha mkono nimpe, sikumpa kwanza. Nilikuwa nimejifunza maneno ndani ya gari, yote yakanikimbia.

"Prof, ulisema nilikuwa kwenye auditoire yako. Nilikuwa mlangoni."

"Mulangoni?"

"Nilikuwa nauza."

"Ulikuwa unauza karanga?"

Nawaambia kweli, nilitamani kusema karanga. Mzee mwenyewe alinifungulia mlango huo. Ningesema karanga, angecheka, tungefuta neno moja, ningerudi Bukavu na dibaji yangu.

"Silabusi, Prof."

"Silabusi ya nani?"

Nikaangalia viatu vyangu. "Yako."

Akageuka akaangalia ziwa. Chini kule mtu alikuwa anafua nguo kwenye jiwe, nilisikia kila pigo.

"Kumbe ni weye," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyoniumiza; kelele ningeizoea. "Makartoni yangu yalibaki chini ya kitanda. Marehemu mama watoto alikuwa anayasukuma na ufagio kila asubuhi, ananiuliza, hizi karatasi zitatoka lini? Nikasema, somo langu haliwapendezi. Nilikuwa nimeanza kitabu, kitabu ya kweli, ya kutoka kwa ile silabusi. Nikaiacha katikati. Mutu anamwandikia nani kama hakuna anayesoma?"

"Prof, walikuwa wanaipigania."

"Unasema?"

"Walikuwa wanaipigania. Kartoni ilikuwa inaisha kabla sijakaa chini. Waliokosa walinitukania mama. Wengine walikuja mpaka Cimpunda, nyumbani, kuniamsha."

Akavua miwani. "Walikuwa wanaisoma kweli, ao walikuwa wanaogopa mutihani?"

Swali hilo sikulitegemea. Nikamjibu kilichokuwa kweli. "Wao sijui. Mimi niliisoma. Nilikuwa nakaa juu yake mlangoni, naisoma wakati weye uko ndani unasema, nikilinganisha. Kusoma kwenyewe nilikujulia pale. Ile ya kwenda kulima kwanza na jembe kabla ya kubeba daftari, niliiona mle."

Nilitamka hivyo nikidhani nampa zawadi. Yeye akaweka kidole juu, polepole, kama anayetafuta neno hewani.

"Sura ya tatu," akasema. "Ile niliyosifu. Nilipoisoma nilisema: huyu mutu anafikiri kama mimi." Akainama mbele. "Umeandika pale ni ya nani?"

Mimi, ambaye kila siku ninawagombeza watoto wa watu, taja ulikotoa, mwizi wa wazo ni mwizi! Ninaapa sikuwa nimekumbuka. Nimeitoa hiyo kauli mbele ya wateja miaka na miaka hata nikadhani nimezaliwa nayo. Hapo barazani ndipo nilipoiona ikirudi kwa mwenyewe.

"Sikuandika, Prof."

"Nipe karatasi yangu."

Nikampa bahasha. Hakuipasua. Aliikunja, akaiweka chini ya blanketi, akaikalia. "Enda," akasema. "Gari zinaisha."

Nikarudi. Sijui barabara ilikuwaje.

Ijumaa nilifanya mambo matatu. Kwanza nilichapa upya ule ukurasa wa sura ya tatu, na chini yake nikaandika maneno haya yametoka wapi, katika silabusi ya nani, na kwamba nilisahau mpaka mwenyewe akanikumbusha. Ikabidi niyafungue mafungu yote nibadilishe ukurasa huo kitabu kimoja kimoja. Pili, mahali pa dibaji sikuziba. Mfungaji wa vitabu anajua: ukikosa ukurasa, unaacha ulimi wa karatasi, upana wa kidole, umeshonwa pamoja na zingine, ili siku karatasi ikija uibandike hapo bila kubomoa kitabu. Niliacha ulimi huo katika kila nakala. Tatu, nilikaa mbele ya kompyuta na jalada la nyuma. Niliandika mstari mmoja, nikafuta. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikapu chake cha sokoni.

"Andika tu," akasema. "Watu wa Cimpunda wanakujua. Ni weye tu peke yako ulikuwa unajificha."

Ikatoka hivi: "Mwandishi alizaliwa Cimpunda. Aliacha shule darasa la tano la primaire. Aliuza silabusi mlangoni pa auditoire bila ruhusa ya aliyeziandika. Anafunga vitabu Kadutu." Mistari minne. Nikaichapa haraka kabla vidole havijabadili nia.

Jumamosi sala ilijaa. Nilivaa suti yangu ya kijivu, ile nzuri, na ninasema kweli hakuna aliyevaa vizuri kunizidi. Viti vya mbele walikaa walimu wawili wa chuo, wateja wangu wa zamani. Kiti cha profesa kilikuwa kitupu. Nilikuwa nimeweka karatasi juu yake yenye maneno "Imechukuliwa".

Parrain akasimama, akakitoa kitabu kwenye kitambaa, akakiinua. Makofi. Halafu, kama kila parrain, akakigeuza nyuma asome kwenye mikro mwandishi ni nani. Alisoma mstari wa kwanza kwa sauti ya kengele. Alianza wa pili, sauti ikapungua. Akakigeuza mbele kuona kama ni kitabu kile kile. Akaniangalia. Nikamwitikia kwa kichwa, aendelee. Akamaliza yote minne kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya jirani.

Mwalimu mmoja wa mbele alisimama, akatengeneza koti, akatoka. Wa pili akamfuata, lakini huyo alipitia mezani kwanza akachukua fanta. Mimi nilikuwa nahesabu hatua zao, nikingoja viti vingine vilie.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. Yule binti wa mpunga, mikono yake imefungwa vitambaa vidogo.

"Docteur! Kumbe haukusomaka?"

"Sikusomaka, mama."

"Na ile mémoire yangu, nani alisema iko ya simu?"

"Ni mimi."

"Na shauri ya kulima Luvungi? Ona mikono yangu! Nilichubuka mpaka nikakulaani. Ni yako ao si yako?"

"Si yangu. Soma sura ya tatu, chini kabisa."

Akaja mpaka mezani, akakichukua kimoja, akapekua, akasoma, midomo ikitembea. "Aa," akasema. "Basi huyu ndiye nitamulaani." Sala ikapasuka kwa kicheko. Parrain naye akacheka, labda kwa kupona aibu, akanunua nakala yake, watu wakaanza kujipanga. Si wote. Wengine walikigeuza, wakasoma, wakakirudisha taratibu kama mtu anayerudisha nyanya iliyopondeka. Niliwaona, kila mmoja. Mpaka leo naweza kukuonyesha nyumba zao.

Watu wakiwa wanakunja viti, aliingia mama mmoja wa makamo na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti la zamani. Alisema ni binti wa profesa, gari lilimharibikia njiani, na baba yake alikataa kuja. Nikapokea kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa na silabusi ile, ya asili, kingo zake zimeliwa na ufagio, na juu yake daftari tatu za mkono, wino umefifia. Ya tatu ilikatika katikati ya sentensi. Karatasi ndogo ilikuwa imebanwa mbele: "Ipige yote. Usibadilishe neno bila kuniuliza. Nilipoishia nitaendelea, kama macho yanakubali. Dibaji yako tutaiona ukimaliza."

Dibaji haikuwamo. Nilitikisa gazeti mara mbili kuhakikisha.

Sasa niko kwenye daftari ya pili. Kitabu changu kinauzika kidogo kidogo, na wanunuzi wananiuliza kile kiulimi cha karatasi mwanzoni ni cha nini, kimekatika? Ninawaambia ni nafasi ya mtu. Bado wananiita Docteur, ila sasa wanaliita wakicheka, na mimi ninageuka.

Jana nilifika mahali mzee ameandika jina la kijiji kimoja, na ninajua mimi, ambaye nimepiga mémoire za vijiji vyote vya huku, kwamba kijiji hicho hakiko bonde lile, kiko la pili. Ningelirekebisha tu, kama nilivyowarekebishia watu maisha yangu yote bila kuwaambia. Nilichukua simu nimpigie. Nikairudisha mezani. Nikafuta gundi mikononi, nikaichukua tena, nikasikia inalia kule Katana, mara moja, mara mbili.